Kutoka Ngoma hadi Kaunta

Duka la hisani, kwa maana iliyozoeleka Uingereza tangu shirika la Oxfam lilipofungua duka lake la kudumu mjini Oxford mwishoni mwa miaka ya 1940, ni duka linalouza vitu vilivyotolewa bure ili mapato yake yawafae wenye dhiki, ambao aghalabu hawaingii kamwe dukani humo. Nguo zinazokosa mnunuzi hufungwa marobota na kuuzwa kwa wafanyabiashara, hivyo hisani ya mtu wa mbali huufikia mpaka wa Rusizi, kati ya Rwanda na Kongo, ikiwa tayari ni bidhaa, yaani mitumba, ambayo Wanyarwanda huiita caguwa. Rwanda ilipopandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016 kutoka dola 0.20 hadi dola 2.50 kwa kilo, aliyeumia ni mchuuzi wa sokoni wala si mtoaji wa kwanza.

Aliyeugeuza mpango huo wa hisani itokayo mbali ni mtu wa jukwaani. Odile Gakire Katese, maarufu kwa jina la Kiki, mwigizaji na mtunzi wa tamthilia aliyezaliwa na kukulia uhamishoni Kongo, alianzisha mwaka 2004 mjini Butare, ng'ambo ya msitu wa Nyungwe kwa atokaye Rusizi, kikundi cha Ingoma Nshya, cha wanawake wapiga ngoma, katika nchi ambamo ngoma, iliyokuwa nembo ya ufalme, ilishikwa na wanaume peke yao. Humo walikutana manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994 na wanawake ambao jamaa zao walishtakiwa kwa mauaji hayohayo, kila mmoja na vijiti viwili mkononi, wakilazimika kusikilizana kwa kuwa mpigo mmoja ukichelewa wote huharibika.

Mwaka 2010 baadhi ya wanawake hao walifungua Inzozi Nziza, yaani Ndoto Njema, duka la aiskrimu lililosaidiwa na Jennie Dundas, naye mwigizaji, na Alexis Miesen, wenye biashara ya aina hiyo Brooklyn, Marekani. Msaada ulikuwa mashine na mafunzo; nyuma ya kaunta walisimama wanawake wenyewe. Swali la kwamba aiskrimu yamfaa nini mtu aliyefiwa na wote ni swali la haki, lakini hoja ya Katese, kwamba binadamu hajengwi upya kama barabara au jengo, inalijibu vyema, maana furaha nayo ilikuwa imevunjwa.

Aiskrimu hutaka maziwa na baridi isiyokatika, na baridi hutaka umeme, ambao kituo cha Rusizi II kinauzalisha tangu 1989 kwa ajili ya Rwanda, Burundi na Kongo. Kwa wanawake wanaovuka mpaka wa Rusizi na beseni za samaki, mboga na maziwa kuelekea Bukavu, jokofu la ushirika na mafunzo ya kutunza hesabu yangekuwa hisani kubwa kuliko robota jingine la nguo.