Miaka ya Kabla ya Mkataba: Maisha na Kazi ya Mwanasoka wa Kike wa Kulipwa

Mwanasoka wa kulipwa, kwa mujibu wa kanuni za FIFA, ni mchezaji mwenye mkataba wa maandishi na klabu ambaye malipo yake yanazidi gharama anazoingia ili acheze. Wengine wote ni wa ridhaa. Kwa kipimo hicho, msichana anayepewa nauli, jezi na chakula cha kambini bado ni mchezaji wa ridhaa, hata kama uwanja mzima unaimba jina lake. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaweza kudai mshahara, matibabu na likizo, na nani hubaki akisubiri huruma ya kiongozi wa timu.

Nchini Tanzania kazi hii ni changa. Ligi Kuu ya Wanawake ilianza msimu wa 2016/2017, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens. Kizazi cha akina Sophia Mwasikili, Esther Chabruma na Mwanahamisi Omary, kilichoipeleka timu ya taifa ya wanawake, Twiga Stars, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake la mwaka 2010 huko Afrika Kusini chini ya kocha Boniface Mkwasa, kilikomaa bila ligi hiyo. Walicheza kwa mapenzi, na nchi ilivuna heshima kutokana na jasho ambalo haikuligharimia. Waliowafuata wamekuta njia imeanza kufyekwa. Aisha Masaka ni mmoja wao, na safari yake imepita Mwanza.

Kabla ya miaka 18

Jioni katika mitaa ya Buswelu, Mwanza, uwanja ni wa kila mtu. Magoli ni nguzo za miti, mistari ni majivu yaliyomwagwa asubuhi, na nje ya mstari wa pembeni yapo mawe makubwa ambayo ni alama ya Mwanza nzima. Wavulana hufika mapema. Wasichana hufika mmoja mmoja, baada ya kuteka maji na kuosha vyombo. Akitokea aliyechelewa, kocha haulizi sababu kwa sababu anaijua. Mfukoni ana daftari la shule lenye majina, na mbele ya kila jina tarehe ya kuzaliwa na namba ya simu ya mzazi. Daftari hilo litarudi mbele katika mada hii, maana thamani yake ni kubwa kuliko ya mipira yote iliyopo uwanjani.

Kipaji huonekana kwanza hapo, kisha kwenye mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mashindano hayo ni kipindi kifupi ndani ya mwaka mzima, na msichana aliyeng'ara akirudi nyumbani bila klabu ya kumpokea, kipaji hulala. Ndiyo maana kuwapo kwa kituo kinachounganisha darasa na uwanja kuna uzito wa pekee. Mwanza ina Alliance, yenye shule na akademi ya michezo eneo la Mahina, na timu yake ya Alliance Girls imecheza Ligi Kuu ya Wanawake. Kwa mzazi wa Kanda ya Ziwa, shule ni hoja inayomtuliza: binti hajaacha masomo kwa ajili ya mpira, amekwenda kusoma mahali ambapo mpira nao hufundishwa.

Masaka, aliyezaliwa Novemba 2003, alipita Alliance Girls kabla ya kuhamia Yanga Princess ya Dar es Salaam. Mwishoni mwa mwaka 2020 alikuwa mfungaji tegemeo wa timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17 iliyotwaa ubingwa wa COSAFA, wa nchi za kusini mwa Afrika, huko Nelson Mandela Bay, Afrika Kusini, kwa kuifunga Zambia kwa mikwaju ya penalti. Msimu wa 2020/2021 akaibuka mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Wanawake. Ni straika mwenye mbio, anayependa mpira unaopenyezwa nyuma ya mabeki, na aina hiyo ya mchezaji huuzika haraka kwa sababu mbio hazihitaji mkalimani.

Hata hivyo hakuondoka nchini siku ile ile. FIFA hairuhusu, isipokuwa kwa mazingira machache yaliyotajwa, mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine. Masaka alitimiza miaka 18 Novemba 2021. Februari 2022 akasajiliwa na BK Häcken ya Göteborg, Sweden. Miezi mitatu tu. Uhamisho wa haraka namna hiyo hauwezekani kama cheti cha kuzaliwa, pasipoti na usajili wa klabu havisomi jina moja na tarehe moja. Wapo wachezaji ambao cheti chao kinasema Ester, shule inasema Esther na kadi ya timu ina jina la babu lisilopatikana penginepo. Kosa la herufi moja lililofanywa mtoto akiwa darasa la 4 hugeuka miezi ya kuhangaika kati ya RITA, wakala wa usajili wa vizazi, na Uhamiaji, wakati klabu ya nje inaangalia kalenda ya usajili.

Kazi ugenini

Sweden huanza msimu wakati wa machipuko na kuumaliza Novemba, hivyo anayefika Februari huanzia kwenye theluji na viwanja vya nyasi bandia. Kwa mtu aliyezoea jua la ziwani, baridi ndiyo mwalimu wa kwanza. Wa pili ni ushindani wa namba. Häcken ilimaliza ya pili katika ligi kuu ya Sweden mwaka 2022 na tena 2023, na kikosi chake kilikuwa na wachezaji wa timu za taifa. Mfungaji bora wa nyumbani alilazimika kujifunza kukaa benchi, kuingia dakika za mwisho na kutumia nafasi moja vizuri. Msimu wa 2023/2024 Häcken ilivuka kundi lenye Chelsea, Real Madrid na Paris FC, ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, na Masaka akawa Mtanzania wa kwanza kucheza mashindano hayo ya wanawake. Agosti 2024 alisajiliwa na Brighton & Hove Albion ya Uingereza.

Hayuko peke yake. Opa Clement aling'ara Simba Queens, timu iliyofika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2022 nchini Morocco, kisha akacheza Uturuki, China na Mexico. Julietha Singano alikwenda Mexico, Clara Luvanga Hispania na kisha Saudi Arabia. Soko la mchezaji wa kike, kwa hiyo, ni pana kuliko Ulaya, na wakati mwingine klabu ya Riyadh au Juárez humpa dakika nyingi za kucheza kuliko jina kubwa la London.

Mshahara unahitaji kusemwa bila kupamba. Ripoti ya FIFA ya mwaka 2024 iliweka wastani wa mshahara wa mchezaji wa kike wa kulipwa duniani kuwa takribani dola 10,900 kwa mwaka. Ikikatwa kodi ya nyumba, chakula na pesa ya kutuma nyumbani, kinachobaki si utajiri. Mzazi anayetegemea ghorofa baada ya mkataba wa kwanza anambebesha binti mzigo usiomstahili.

Mwili

Jeraha linaloogopwa zaidi ni kuchanika kwa kano ya msalaba ya mbele ya goti. Wanawake hulipata mara 2 hadi 6 zaidi ya wanaume katika michezo ya aina hii, kwa sababu zinazohusu umbo la nyonga na goti, homoni, nguvu ya misuli ya nyuma ya paja, viwanja na viatu vilivyotengenezwa kwa mguu wa kiume. Kupona huchukua miezi 9 au zaidi. Kinga yake haina gharama: mazoezi ya kupasha misuli ya FIFA 11+ huchukua kama dakika 20, hayahitaji vifaa maalumu, na yanamfundisha mchezaji kuruka na kutua akiwa amekunja magoti, goti likielekea vidole vya mguu badala ya kuingia ndani. Uwanja wenye mashimo ndio unaoyahitaji kuliko uwanja wowote.

Hedhi nayo ni jambo la mazoezi. Msichana mwenye upungufu wa damu kutokana na hedhi nzito huchoka mapema, na kocha asiyeuliza humwita mvivu. Daftari lile lile linaweza kuwa na safu moja zaidi, ya hedhi, inayojazwa na mwalimu wa kike au mzazi, kwa siri inayostahili.

Haki na fedha

Mkataba wa mchezaji wa chini ya miaka 18 hauwezi kuzidi miaka 3; wa mtu mzima kwa kawaida hauzidi 5. Tangu Januari 2021 FIFA inazitaka klabu zitoe likizo ya uzazi ya wiki zisizopungua 14 kwa malipo yasiyopungua theluthi mbili ya mshahara, na kumfukuza mchezaji kwa sababu ya ujauzito ni kuvunja mkataba. Sara Björk Gunnarsdóttir wa Iceland aliidai Lyon mishahara aliyonyimwa akiwa mjamzito, na mwaka 2022 baraza la FIFA la kuamua migogoro liliamua alipwe zaidi ya euro 82,000. Uamuzi huo unamlinda mchezaji wa Göteborg na wa Mwanza kwa kanuni ile ile, mradi tu awe na mkataba wa maandishi.

Kwa waliomlea mchezaji, kanuni ni ngumu zaidi. Fidia ya mafunzo, inayolipwa klabu zilizomkuza mwanasoka wa kiume, haihusu soka la wanawake. Kinachobaki ni mgawo wa mshikamano: mchezaji akihamia klabu nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hugawiwa klabu zilizomfundisha tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo hulipwa asilimia 0.25 kila mmoja, iliyobaki asilimia 0.5. Klabu ya mtaani iliyomlea binti kuanzia miaka 12 hadi 15, akaja kuuzwa kwa dola 100,000, hustahili dola 1,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 2. Februari 2024 Racheal Kundananji wa Zambia alihamia Bay FC ya Marekani kwa zaidi ya dola 700,000. Asilimia moja ya fedha kama hizo ingejenga uzio wa kiwanja na chumba cha kubadilishia nguo.

Lakini mgawo huo hulipwa klabu iliyosajiliwa na chama cha soka, kwa mchezaji aliyesajiliwa kwayo, kwa miaka inayoonekana kwenye kumbukumbu. Hapo ndipo daftari la kocha linapopungukiwa: majina yaliyobaki mfukoni hayahesabiki mpaka yaingizwe kwenye usajili rasmi wa TFF, shirikisho la soka la Tanzania, kupitia chama cha wilaya. Na mchezaji akiondoka akiwa huru, bila ada, hakuna cha kugawa kabisa. Ndivyo wasichana wengi wanavyoondoka, na kanuni hii inawaonea walezi wao.

Baada ya kucheza

Wachache hucheza hadi karibu na miaka 35. Goti, familia au kukosa mkataba huwatoa wengi mapema. Esther Chabruma alirudi uwanjani kama kocha, akaiongoza JKT Queens. Doreen Nabwire wa Kenya, aliyelelewa na chama cha michezo cha vijana cha MYSA jijini Nairobi na kucheza Ujerumani na Uholanzi, baadaye alisimamia maendeleo ya soka la wanawake katika shirikisho la nchi yake. Upande wa filimbi, Jonesia Rukyaa kutoka Kagera, ng'ambo ya ziwa, alifika kuwa mwamuzi wa FIFA na kuchezesha Simba na Yanga. Ukocha una ngazi zake, kuanzia leseni D ya CAF, na mchezaji anaweza kuanza kozi angali akicheza. Anayehitimu kidato cha 4 hufuata kozi hizo kwa urahisi zaidi, na hivyo cheti cha shule alichokipata akiwa na miaka 17 humfaa tena akiwa na 34.