Maji ya Nyonga na Uwezo wa Kushika Mimba

Mwanamke anayetafuta mtoto huenda kupiga altrasaundi, akatoka na karatasi inayosema nyuma ya mji wa mimba kuna maji kidogo. Duka la dawa humpa vidonge. Jirani humwelekeza kwa muuza dawa za kusafisha kizazi. Baada ya mwezi hurudia picha, na maji bado yapo. Ninaiona hali hii kila mara na inaniumiza, maana mara nyingi maji hayo si ugonjwa.

Kati ya mji wa mimba na njia ya haja kubwa kuna uwazi ulio chini kabisa ya tumbo. Chochote kinachovuja tumboni hutuama hapo. Yai likipevuka, kifuko chake hupasuka na majimaji yake hushukia hapo pia. Mwenye mzunguko wa siku 28 akipimwa siku ya 15, kuyakuta ni kawaida kabisa. Kwa hiyo kabla ya kuandika dawa yoyote tumuulize: hedhi yako ya mwisho ilianza lini? Swali hili halina gharama, nasi ndilo tunaloliruka.

Ya kuogopwa ni maji yaliyonaswa ndani ya mirija. Klamidia na kisonono hupanda kutoka mlango wa kizazi, ncha za mirija zikagandamana, na majimaji yakakosa pa kutokea. Klamidia mara nyingi haitoi dalili yoyote. Huko Lund, Uswidi, Weström na wenzake walionyesha mwaka 1992 kwamba baada ya shambulio moja la maambukizi ya nyonga, wanawake wapatao 8 kati ya 100 walikuwa wagumba kwa sababu ya mirija. Baada ya matatu au zaidi, 40. Ndiyo maana kumtibu mke na kumwacha mume ni kumrudisha mke kwenye shambulio la pili.

Antibiotiki huua vijidudu, lakini haizibui mrija ulioziba. Anayemeza dozi ya nne kwa ajili ya mrija wa namna hiyo anapoteza fedha na, kibaya zaidi, miaka yake ya uzazi. Altrasaundi ya kawaida nayo haitoshi kuthibitisha kwamba mirija iko wazi. Anahitaji eksirei ya mirija, inayopigwa hedhi ikishakata na kabla yai halijapevuka. Mume apimwe mbegu wakati huohuo, wala si baada ya mke kumaliza vipimo vyote. Hata kwa upandikizaji wa mimba (IVF), mrija uliojaa maji hupunguza mafanikio kwa takriban nusu, hivyo madaktari huuondoa au kuufunga kwanza.

Liko jambo moja lisilosubiri. Aliyekosa hedhi, ana maumivu ya tumbo na kizunguzungu, na picha inaonyesha maji mengi, huenda hayo ni damu ya mimba iliyotunga nje ya kizazi. Apimwe mimba papo hapo, awekewe dripu, apelekwe kwenye hospitali yenye chumba cha upasuaji.