Bandari ya Kobe Baada ya Tetemeko

Fungueni madaftari, na mwenye kalamu butu aichonge sasa. Leo twazungumza juu ya bandari ya Kobe, nchi ya Japani.

Tarehe 17 Januari, 1995, alfajiri saa 11 na dakika 46, nchi ilitetemeka kwa nguvu kadiri ya sekunde 20. Watu zaidi ya 6,400 walikufa, wengi wao majumbani mwao. Bandari nayo, iliyokuwa mojawapo ya bandari kubwa za makontena duniani, ikasimama karibu yote.

Ukuta wa gati za Kobe ulikuwa wa masanduku makubwa ya saruji, marefu kama nyumba ya ghorofa, yaliyowekwa juu ya mchanga. Mtu atadhani saruji ilivunjika. Sivyo. Masanduku mengi yalibaki mazima, lakini yaliteleza kuelekea baharini, mengine kiasi cha mita 5, yakazama na kuinama. Winchi kubwa za kupakulia zikapanuka miguu: mguu wa mbele ulifuata ukuta, wa nyuma ukabaki pale pale.

Kwa nini? Jaribuni wenyewe. Tieni mchanga katika kopo, mwageni maji mpaka ulowe wote, wekeni jiwe juu, kisha gongeni ubavu wa kopo. Jiwe litazama. Mchanga uliolegea ukitikiswa hutaka kushikamana, lakini maji yaliyo kati ya chembe hayana pa kutokea upesi. Basi chembe haziegemeani tena, na ardhi huwa kama uji.

Gati chache za Maya, zilizojengwa makusudi zistahimili tetemeko, zilisalimika. Hizo ndizo zilizopokea meli za misaada. Kisha ikajengwa gati ya muda kwa ajili ya makontena, ili kazi isingoje matengenezo yote. Ndipo wakaanza kuta. Penginepo waliyainua masanduku na kuyapanga upya; penginepo waliyaacha, wakajenga gati mpya mbele yake. Kazi ilikwisha mwezi wa Machi, 1997.

Lakini wenye meli hawakungoja. Walipeleka shehena Osaka, Yokohama, na hasa Busan katika Korea ya Kusini. Shehena nyingi za kupitia tu, zinazoshushwa na kupakiwa meli nyingine, hazikurudi Kobe tena. Kwa maoni yangu hasara hiyo ilipita ile ya saruji, maana kuta hujengwa kwa fedha, bali kuli asiye na meli ya kupakua hana mshahara.

Katika bustani ya Meriken, mita 60 za gati iliyovunjika zimeachwa vile vile, taa zimeinama, watu huenda kuzitazama.

Sasa andikeni: tangu Januari 1995 mpaka Machi 1997 ni miezi mingapi? Majibu mtayasoma kwa mwalimu wenu darasani.