Kijana Aliyetazama Kidole Changu

(Mazungumzo na wanafunzi wa sekondari, Ziwani, Mtwara)

Vijana wenzangu, mambo vipi?

Naam, nimesikia "poa". Lakini kule nyuma kuna waliokaa kimya. Je, wamechoka? Wamenuna? Au hawakunisikia? Ndilo swali letu la leo.

Nilipokuwa chuoni nilikwenda mafunzo kwa vitendo, ile tunayoita fildi, kwenye kliniki ya masikio ya hospitali moja. Sitaitaja, maana kosa nitakalowasimulia ni langu mwenyewe.

Wiki ya kwanza nilikuwa mtazamaji tu. Baadaye msimamizi wangu, mama mmoja mpole lakini mkali kwenye kazi, akaniruhusu kutumia audiometa. Hii ni mashine ya kupima usikivu. Mgonjwa anakaa chumba kisicho na kelele, anavaa hedifoni, nawe unabonyeza kitufe kumletea sauti nzito na nyembamba, kuanzia hezi 250 hadi 8,000. Akisikia, anainua mkono. Unapunguza sauti kidogo kidogo mpaka ashindwe, kisha unaandika kiasi cha chini kabisa alichosikia, kwa desibeli. Mnaona? Yale mawimbi ya Fizikia mnayoyalalamikia yana kazi!

Siku moja aliletwa kijana wa kidato cha pili.

"Mwanangu huyu walimu wamemchoka," mama yake alisema. "Wanasema mvivu, kazi kuchungulia daftari la jirani."

Nikamkalisha mbele yangu, tukatazamana. Nikabonyeza, akainua mkono. Nikapunguza sauti, akainua tena. Kila nilipobonyeza, mkono juu! Nikaandika kwa furaha: usikivu mzuri.

Mama msimamizi akaitazama ile karatasi, akamtazama kijana, akaniambia maneno matatu tu: "Geuza kiti chake."

Nikakigeuza, akanipa mgongo. Nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza sana, ndipo mkono ukapanda, tena kwa wasiwasi.

Jamani, yule kijana alikuwa akitazama kidole changu! Hakuwa tapeli. Alikuwa amezoea kuishi kwa macho. Darasani alitazama midomo ya mwalimu, na mwalimu akigeukia ubao, kwake somo limekwisha. Ndiyo maana alichungulia daftari la jirani.

Niliona aibu sana. Karatasi yangu ingetoka vile vile, kijana angerudi nyumbani na ushahidi wa hospitali kwamba yeye ni mvivu.

Tulipomchunguza kwa kitochi cha masikio, ngoma za masikio zote mbili zilikuwa zimetoboka. Mama akasema tangu utotoni yalikuwa yakitoa usaha, na nyumbani walimtia mafuta ya moto. Alianzishiwa matibabu, na tukaiandikia shule: akae mbele, na mwalimu aongee akiwa amemwelekea. Fildi yangu ilikwisha kabla sijajua alivyoendelea. Lakini aliondoka akijua kwamba yeye si mjinga.

Sasa, yeye hayuko peke yake. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana upungufu wa kusikia wa kiwango fulani. Kwa watoto, karibu asilimia 60 ya matatizo haya yangeweza kuzuiwa. Hivyo basi:

- Sikio likitoa usaha, nenda kituo cha afya mapema. Usitie mafuta, maji ya majani wala dawa ya kubahatisha.
- Usichokonoe kwa njiti ya kiberiti, kalamu wala pamba ya kijiti. Nta ni kinga ya sikio, na mara nyingi hutoka yenyewe.
- Punguza sauti ya hedifoni, na kwenye disko usisimame mbele ya spika. Kiasi kinachoshauriwa ni desibeli 80, kisizidi saa 40 kwa wiki.
- Sisi wa pwani tunajua madhara ya uvuvi wa baruti kwa samaki na matumbawe. Mlipuko wa karibu unaweza pia kupasua ngoma ya sikio. Usiusogelee.
- Wadogo zetu wapate chanjo. Surua na rubela zinaweza kuharibu usikivu, na chanjo inayozuia zote mbili imekuwa ikitolewa nchini tangu 2014.

Na ninyi mnaopenda Fizikia na Baiolojia, fani hii inawahitaji. Tangu 2017 Muhimbili imekuwa ikipandikiza vifaa vya kusaidia kusikia ndani ya sikio, lakini kifaa bila mtaalamu wa kupima na kufuatilia hakisaidii kitu.

Mkirudi darasani leo, mtazameni yule mnayemwita "mzito" au "kiziwi wa makusudi". Mwite jina akiwa amekupa mgongo. Asipogeuka, usicheke. Mwambie mwalimu, umpishe kiti cha mbele.

Haya, maswali, tuanze na wale wa nyuma!