Kipa, Mwekezaji na Mvuto wa Kutenda

Saikolojia ya michezo, yaani tawi la elimu linalochunguza jinsi fikra na hisia za mwanamichezo zinavyoathiri utendaji wake anapokuwa chini ya shinikizo, imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa elimu ya viwanjani tu, ilhali uamuzi wa haraka unaofanywa mbele ya macho ya watu humkabili pia mwenye akiba ndogo anayetazama bei za hisa zikiporomoka.

Ushahidi ulio wazi zaidi wa jinsi shinikizo hilo linavyoathiri uamuzi unatoka golini. Mwaka 2007 Michael Bar-Eli, mtaalamu wa saikolojia ya michezo, na wenzake akiwamo mwanauchumi Ofer Azar, walichapisha uchambuzi wa mikwaju 286 ya penalti, ambapo makipa walijirusha kushoto au kulia katika takriban asilimia 94 ya mikwaju, ingawa waliosimama katikati waliokoa thuluthi moja hivi, na waliojirusha hawakufikia hata asilimia 15. Ni kweli kwamba makipa wote wakianza kusimama wapigaji nao watabadilika, kwa hiyo takwimu hizo hazifai kugeuzwa kanuni ya ukocha. Uzito wake umo katika sababu waliyoieleza watafiti, kwamba kipa aliyejirusha akafungwa huonekana amejitahidi, bali aliyesimama akafungwa hulaumiwa, na majuto yake huwa makali zaidi. Mwelekeo huo wa kutenda hata pale ambapo kutulia kuna faida zaidi ndio unaoitwa hapa mvuto wa kutenda.

Sokoni mvuto huo una gharama inayohesabika. Watafiti wa masuala ya fedha Brad Barber na Terrance Odean, waliochunguza kaya 66,465 za Marekani kati ya 1991 na 1996, waligundua kwamba zile zilizonunua na kuuza hisa mara nyingi zaidi zilipata asilimia 11.4 kwa mwaka, wakati soko lenyewe lilizalisha asilimia 17.9, kwa kuwa sehemu kubwa ya faida ilimezwa na gharama za kuuza na kununua. Nchini Kenya, hisa za kampuni ya simu ya Safaricom zilizouzwa kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 5 zilishuka chini ya bei hiyo, na mwaka 2021 zilivuka shilingi 40, hivyo aliyeuza kwa hofu alijifungia hasara ambayo mvumilivu aliiepuka. Hata hivyo kutulia si dawa ya kila ugonjwa, kama wanavyojua wenye hisa za kiwanda cha sukari cha Mumias, ambacho mwaka 2019 kilikabidhiwa msimamizi na benki iliyokuwa ikikidai.

Jambo la maana, basi, ni wakati wa kuamua. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alionyesha kwamba mtu aliyeunganisha mapema hali fulani na tendo mahususi hutekeleza nia yake kwa uhakika zaidi, na ndiyo maana mwekezaji anapaswa kuandika, kabla ya kununua, ni mabadiliko gani katika madeni au mapato ya kampuni yatakayomfanya auze. Katika vyama vya akiba, ambamo lawama humwangukia mweka hazina, sharti hilo liingizwe katika kumbukumbu za kikao, ili wanachama wanapomhoji wapime kama alifuata walichokubaliana, wala si bei ya hisa ilivyokuwa mwezi huo.