Mambo Tuliyoyaona London
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi)



Sisi wawili mlitutuma London mwezi wa Juni kuonana na wafanyakazi wenzetu wa reli. Aliyetumwa hana budi kuleta majibu, na haya ndiyo majibu yetu.

Jambo la kwanza lililotushangaza ni jua. Saa tatu usiku lilikuwa lingali juu, tukakosa kujua wakati wa kulala. La pili ni treni za chini ya ardhi. Tulishuka kwa ngazi zinazotembea zenyewe. Asiye na haraka husimama upande wa kuume, mwenye haraka hupita kushoto, wala hakuna askari wa kuwaamuru. Sisi tulisimama kushoto, na nyuma yetu watu wakaanza kukohoa mpaka tukafahamu. Ndani ya behewa tuliwaamkia watu wote kama ilivyo desturi yetu. Aliitikia mtoto mmoja tu.

Njia ya kwanza ya chini ya ardhi ilifunguliwa mwaka 1863, kutoka Paddington mpaka Farringdon, na magari yake yalivutwa na injini za moshi. Kumbukeni kwamba reli yetu ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Kwa hiyo wenzetu wale wametutangulia miaka 33 katika kazi hii, na katika makosa yake pia.

Tuliona wafanyakazi wa kila rangi. Madereva wengine ni wanawake, na wengine ni watu weusi kama sisi. Tukamwambia mwenyeji wetu, mzee mmoja gadi aliyestaafu, “Hapa kweli hakuna ubaguzi.” Mzee akacheka kidogo, akasema, “Twendeni Euston.”

Euston ni stesheni kubwa ya magari yaendayo kaskazini. Pale mzee akatusimulia habari za Asquith Xavier, mtu wa kisiwa cha Dominica, aliyekuwa gadi katika stesheni ya Marylebone. Mwaka 1966 aliomba kazi ya gadi pale Euston, yenye mshahara mzuri zaidi. Akajibiwa kwa barua kwamba hakubaliwi, na sababu ni rangi yake. Sheria ya mwaka 1965 ya kukataza ubaguzi ilikuwa haijagusa mambo ya kuajiri watu.

Tukauliza, “Ni wakubwa wa reli waliomkataa?” Mzee akatazama chini. Akasema kwamba wafanyakazi wenyewe wa pale walikuwa wamepatana na wakubwa kuwazuia watu weusi, na kamati yao ndiyo iliyomkataa. Yaani wanachama walimfungia mlango mwanachama mwenzao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Lakini dawa nayo ilitoka chamani. Katibu wa tawi la Marylebone, Jimmy Prendergast, mzungu kutoka Ireland, hakukubali kunyamaza. Aliyatoa mambo yale hadharani, yakafika mpaka kwa Waziri. Mwezi wa Julai shirika la reli likatangaza kuuondoa ubaguzi ule, na tarehe 15 Agosti 1966 Xavier akaanza kazi Euston. Mwaka 1968 sheria mpya ikakataza ubaguzi katika kuajiri. Mwaka 2016, ilipotimia miaka 50, kibao cha kumbukumbu yake kiliwekwa katika stesheni hiyo.

Usiku ule sisi wawili hatukusema mengi, maana tulikumbuka mkutano wetu wa mwisho kabla ya safari. Tulipitisha azimio hapa kwamba nafasi zitakazotokea wapewe kwanza wenyeji wa hapa, na waliotoka mbali wangoje. Wengi waliinua mikono, na sisi wawili tuliinua. Tulisema tunalinda kazi zetu. Bila shaka wale wa Euston nao walisema hivyo hivyo.

Ndugu, wale tuliowaambia wangoje wanatoa michango sawasawa na sisi. Siku tukigoma, tutataka wagome pamoja nasi. Mwajiri akiona tumegawanyika kwa makabila, hana haja ya kutupiga. Atatuacha tujipige wenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, hatukuleta zawadi nyingi. Tunaleta ombi moja: azimio lile lirudishwe mbele ya mkutano huu, lipigiwe kura tena. Safari hii mikono yetu miwili itainuka kulipinga.

Umoja ni nguvu.