Projekta ya Nyumbani: Mambo ya Kukagua Kabla ya Kulipa

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti katika kikao cha kuwaelimisha wanunuzi wa bidhaa za kielektroniki

 

Wakazi wengi siku hizi wanatenga chumba kimoja cha nyumba ili watazame filamu na mpira kwenye ukuta mzima. Ni jambo jema kwa familia. Lakini wapo wanaovunja kibubu au kutoa zamu yao ya chama, wakanunua projekta, wakaiwasha nyumbani na kukuta picha hafifu kama kivuli. Wakirudi dukani wanaambiwa mashine haina kasoro, ndivyo ilivyo. Na kweli mara nyingi haina kasoro. Ni maandishi ya kartoni yaliyowaahidi kisichokuwepo.

Huenda mtu akauliza kaunti inaingiaje katika mambo ya sebuleni. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti masuala ya biashara ya haki, pamoja na sinema na maonyesho ya video. Kifungu cha 46 nacho kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na habari anazohitaji ili anufaike nazo. Lakini haki hiyo haikusaidii dukani kama hujui la kuuliza. Leo tujifunze la kuuliza.

Swali la kwanza ni mwangaza. Mwangaza wa projekta hupimwa kwa lumeni. Kipimo cha kuaminika huandikwa pamoja na neno ANSI au ISO, kwa sababu hapo mwangaza umepimwa ukiwa umeshatoka kwenye lenzi. Ukiona kartoni imeandikwa lumeni 9,000 peke yake, kwenye mashine ndogo ya bei nafuu, usiitegemee namba hiyo. Nyingi za aina hiyo hutoa lumeni 100 hadi 300 halisi.

Je, unahitaji ngapi? Chukueni kalamu. Picha ya inchi 100, ikipimwa kona hadi kona, ina upana wa mita 2.2 na kimo cha mita 1.25. Hiyo ni karibu mita mraba 2.75. Ukitaka mng'ao kama wa ukumbi wa sinema, katika giza kamili, kila mita mraba inahitaji takriban lumeni 150. Zidisha, utapata zaidi ya lumeni 400. Mwenye mashine ya lumeni 200 atapata nusu ya mng'ao huo. Lakini mashine hiyo hiyo ukiibana itoe picha ya inchi 60, eneo linapungua hadi karibu mita mraba 1, na picha inapendeza. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu mashine, punguza picha na uzibe madirisha.

Anayetaka kutazama mpira jioni, mwanga bado ukipenya kwenye pazia, atafute lumeni 2,000 au zaidi. Na anayetazama zaidi mchana, katika sebule yenye madirisha makubwa, nitamwambia ukweli: runinga ya kawaida itamfaa kuliko projekta. Hakuna aibu kuondoka dukani bila kitu ulichokuwa umekiendea.

Swali la pili ni pikseli, yaani vitone vinavyounda picha. Hapa kuna mtego wa maneno. Mashine inaweza kuandikwa kwamba “inakubali” 1080p au hata 4K. Kukubali ni kupokea tu. Ikishapokea, huipunguza picha hadi idadi ya vitone ilivyo navyo yenyewe, ambavyo vinaweza kuwa 800 kwa 480. Muulize muuzaji: mashine hii ina pikseli ngapi zake halisi? Kwa filamu kwenye ukuta mkubwa, jibu zuri ni 1920 kwa 1080. Pikseli 1280 kwa 720 zinatosha kwa picha ndogo na mfuko mdogo. Jibu likikosekana, hilo pia ni jibu.

Swali la tatu ni umbali. Beba futi kamba na upime chumba kabla ya kwenda dukani. Kila projekta ina namba ya uwiano wa umbali na upana wa picha. Ikiwa ni 1.5, basi kila mita 1 ya upana wa picha inahitaji mita 1.5 kutoka lenzi hadi ukutani. Chumba cha futi 10 kwa 10 kina takriban mita 3. Toa nafasi ya mashine yenyewe na waya, zinabaki kama mita 2.7. Gawanya kwa 1.5, unapata upana wa mita 1.8, yaani picha ya inchi 80 hivi. Aliyeahidiwa inchi 200 katika chumba hicho amedanganywa na ukuta wake mwenyewe. Pia, iweke mashine ielekee ukuta moja kwa moja. Kunyoosha picha iliyopinda kwa kubonyeza kitufe kunapoteza baadhi ya vitone ulivyolipia.

Swali la nne ni taa iliyo ndani. Projekta za balbu huwa na mwangaza mkali kwa bei nafuu, lakini balbu nyingi hudumu saa 3,000 hadi 5,000. Ukitazama saa 3 kila siku, balbu ya saa 4,000 itakwisha baada ya miaka mitatu na nusu hivi. Uliza bei ya balbu mpya kabla ya kununua mashine, hasa ya mitumba. Zile za LED na leza huhesabiwa saa 20,000 au zaidi, ila taa yake ikifa, mara nyingi haibadilishwi.

Mashine ya balbu hutumia wati 250 hivi, yaani nusu yuniti ya stima kwa mechi nzima. Shida kubwa zaidi ni stima kupotea ghafla, kwa sababu feni huzimika balbu ikiwa bado moto. Betri ndogo ya akiba inasaidia. Ukimaliza kutazama, zima kwa kitufe, ungoje feni isimame, ndipo uchomoe waya. Kwetu kuna vumbi, kwa hiyo safisha kichujio cha hewa mara kwa mara. Na watoto wasiangalie ndani ya lenzi, hasa ya leza.

Sauti tutaipitia haraka: spika ya ndani huwa ndogo. Hakikisha kuna tundu la HDMI la king'amuzi na tundu la kuunganisha spika za nje.

Sasa sheria. Kutazama na familia yako nyumbani hakuhitaji leseni. Siku utakapoweka benchi na kutoza kiingilio, umeanzisha biashara ya maonyesho. Utahitaji kibali cha biashara cha kaunti, leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu Nchini, KFCB, na ruhusa ya wenye haki za kazi unazoonyesha. Malipo ya king'amuzi ya nyumbani hayakuruhusu kuonyesha umma. Zingatia pia alama za umri: GE ni kwa wote, PG ni kwa uangalizi wa mzazi, halafu kuna 16 na 18. Chumba kikijaa watoto wa jirani, wewe ndiye mzazi wao kwa saa hizo mbili.

Mwisho, unapokwenda kununua, omba mashine iwashwe mbele yako na taa za duka zikiwa zinawaka. Onyesha maandishi madogo, si katuni zenye rangi kali, na utazame kama kona za picha zinasomeka. Tafuta alama ya KEBS. Dai risiti na waranti iliyoandikwa, si ya mdomo. Ukinunua mtandaoni, hifadhi picha ya tangazo lenyewe, kwa sababu tangazo ni ahadi, na bila ushahidi wa ahadi malalamiko yako yatakosa mguu wa kusimamia.

Ukidanganywa, njoo na risiti na tangazo hilo kwenye ofisi ya biashara ya kaunti ndogo yako. Nanyi wafanyabiashara, andikeni lumeni halisi na pikseli halisi kwenye vibandiko vya bei. Mteja aliyeambiwa ukweli hurudi, tena huja na jirani.

 Sasa tuchukue maswali.